Kufunga Vifaa vya Kisasa kwenye Baiskeli ya Zamani ya Chuma: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kalipa Hadi Safari ya Kwanza

Baiskeli ninayoizungumzia hapa ni Raleigh ya mbio ya mwanzoni mwa miaka ya 80, fremu ya Reynolds 531, rangi ya bluu iliyochubuka. Ilishuka na kontena la mtumba ikiwa imebanwa katikati ya baiskeli za watoto. Nilipoinyanyua kwa mkono mmoja nikajua hili si bomba la maji. Mabomba ya 531 yalitoka mwaka 1935, na chuma chake chenye manganizi na molibdenamu kina nguvu kiasi kwamba ukuta wa bomba unaachwa mwembamba katikati na kuneneshwa kwenye ncha tu, pale panapochomelewa. Lipige kwa ukucha, linalia.

Fremu ilikuwa nzima. Vilivyochoka ni vilivyofungwa juu yake: rimu zilizoliwa na breki, friwili (fungu la sproketi za nyuma) yenye mlio wa kusaga mahindi, na levo za gia zilizo kwenye bomba la chini, ambazo zinakulazimisha kutoa mkono mmoja kwenye usukani huku daladala inakupumulia mgongoni.

Kufunga vifaa vya kisasa kwenye fremu kama hiyo ni kazi ya siku moja au mbili. Kinachokula muda ni kupima, na hapo ndipo wengi wanaporuka. Mtu ananunua seti nzima kwanza, kisha anakuja kugundua kwamba hesi haziingiliani, gurudumu haliingii, breki haifiki kwenye rimu. Basi tuanze na kalipa, kile kipimo cha unene na upana. Spana itasubiri.

Hatua ya 1: Kagua fremu kabla ya kutoa hela

Ifute vumbi na mafuta yote, uitoe juani. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, sentimita chache nyuma ya bomba la usukani. Ukigusa kijivimbe au rangi imejikunja kama ngozi ya kiwiko, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele, iache. Angalia maungio yote, hasa kuzunguka bomba la kranki na kwenye midomo ya nyuma, yaani vile vipande vinavyoshika ekseli. Mstari mwembamba wa kutu unaovuja kwenye rangi mara nyingi ni ufa.

Kutu ya juujuu haina neno. Kutu ya ndani ndiyo mbaya, na sisi wa pwani tunaijua. Toa nguzo ya kiti, pindua fremu, igonge kwa kiganja. Ikimwaga unga wa kahawia kidogo, sawa. Ikimwaga magamba, achana nayo.

Kisha jaribio la kamba. Funga kamba kwenye mdomo wa nyuma wa kushoto, ipeleke mbele izunguke bomba la usukani, irudi hadi mdomo wa kulia, ukaze. Pima umbali kutoka kamba hadi bomba la kiti, kila upande. Yangu ilisoma milimita 29 kushoto na 31 kulia. Maana yake nyuma ya fremu ilikuwa imeegemea kulia kwa zaidi ya milimita moja tangu kabla sijaigusa. Andika namba zako. Utazihitaji Hatua ya 4.

Hatua ya 2: Vipimo saba

Kalipa ya bei ya chini inatosha ilimradi inasoma sehemu ya kumi ya milimita.

- Upana wa ndani kati ya midomo ya nyuma. Milimita 120 ni fremu ya enzi ya sproketi (magurudumu ya meno) tano nyuma, 126 ni ya sita au saba, 130 ni ya nane na kuendelea.
- Upana wa midomo ya mbele, ambao kwa kawaida ni 100, na upana wa mwanya unaopokea ekseli.
- Upana wa bomba la kranki: 68 au 70.
- Kipenyo cha nguzo ya kiti. Soma kilichogongwa kwenye nguzo yenyewe, lakini pima pia.
- Kipenyo cha nje cha bomba la kiti, pale direla ya mbele (kifaa kinachohamisha mnyororo) inapobana. Nyingi ni 28.6, za Kifaransa 28.0.
- Kipenyo cha ndani cha bomba la foku: 22.2, au 22.0 kwa Mfaransa.
- Umbali kutoka katikati ya tundu la breki hadi katikati ya ukuta wa rimu, mbele na nyuma.

Namba hizo 28.6 na 28.0, 22.2 na 22.0, ndizo zinazokuambia nchi. Uingereza na Italia walipima kwa inchi au kuchanganya, Ufaransa wakashikilia metriki mpaka miaka ya 80 walipoanza kulegeza. Kwa hiyo Peugeot ya 1975 ni kazi nyingine kabisa kuliko Raleigh ya 1982, hata kama kwa macho ni mapacha. Fremu za Kijapani za miaka ya 80, kama Miyata na wenzake, ndizo rahisi kuliko zote: karibu kila kitu kinafuata vipimo vya leo isipokuwa upana wa nyuma.

Hatua ya 3: Chagua gia ukiwa na akili timamu

Dukani watakuvutia kwenye sproketi 11 au 12. Mimi nasema chukua 8, au 9 ukitaka kujidai.

Sababu ya kwanza ni nafasi. Mwili wa habu (kitovu cha gurudumu) unaopokea kaseti, yaani fungu la sproketi la kisasa, za Shimano za 8, 9 na 10 ni mmoja. Wa 11 ya mbio ni mrefu kwa milimita 1.85, na kwenye fremu nyembamba kama hii kila milimita ina hesabu yake. Sababu ya pili ni uvumilivu. Kati ya sproketi moja na ya pili kwenye kaseti ya 8 kuna milimita 4.8, kwenye 11 ni kama 3.7. Fremu ya miaka 40 ambayo mdomo wake umepinda kidogo itakusamehe ukiwa na 8. Na sababu ya tatu: mnyororo wa 8 unaupata hata kwa fundi wa chini ya mwembe.

Kinachobadilisha maisha ni uwiano. Baiskeli yangu ilikuja na meno 52 na 42 mbele, nyuma 14 hadi 28. Gia nyepesi kabisa ilikuwa 42 kwa 28, yaani mzunguko mmoja wa pedali kwa mzunguko mmoja na nusu wa gurudumu. Sasa ni 50 na 34 mbele, 11 hadi 32 nyuma: 34 kwa 32, karibu moja kwa moja. Anayepanda kuelekea Lushoto atanielewa bila maelezo.

Tahadhari moja. Usichanganye vizazi ovyo. Levo na direla za Shimano za mbio za 8 na 9 zinasikilizana, lakini Tiagra, seti yao nyingine, ya 10 ya mfululizo wa 4700 huvuta waya kwa kiasi tofauti na 10 za kabla yake. Nunua levo na direla ya nyuma kwa pamoja, za familia moja, na uhakikishe direla ina mkono mrefu kama kaseti yako inafika 32.

Kama hupendi levo za breki na gia kwa pamoja (Shimano walizileta mwaka 1990, nazo si rahisi), kuna njia ya mkato ninayoiheshimu: bakiza levo za zamani za bomba la chini, zile zisizo na mibonyezo, ufunge kaseti ya 8. Zinafanya kazi vizuri kabisa. Shida ya mkono na daladala inabaki palepale.

Hatua ya 4: Kutanua nyuma

Hapa ndipo watu wanapoogopa, na wana haki kuogopa kidogo. Fremu yangu ilikuwa 126, gurudumu la kisasa la mbio la breki za rimu ni 130. Milimita nne, mbili kila upande. Chuma kinapindika na kubaki pale kilipopindishwa. Aluminiamu na kaboni havifanyi hivyo, vinapasuka. Kama sumaku haishiki kwenye fremu yako, ruka hatua hii. Hata kwenye chuma, mabomba ya Reynolds 753 yaliyotiwa ugumu kwa joto hayapendi kupindwa. Hayo yaache kama yalivyo.

Kutoka 126 hadi 130 unaweza pia kutofanya lolote: unatanua miguu (mabomba ya nyuma yanayoshika gurudumu) kwa mikono kila unapoingiza gurudumu. Watu wengi wanaishi hivyo. Ubaya wake ni kwamba midomo haikai sambamba, ekseli inasukumwa kwa mshazari, na ukipata pancha njiani kwenye jua la saa saba utajilaani. Kutoka 120 hadi 130 hakuna mjadala, lazima utanue.

Utahitaji ubao mgumu wa urefu wa mita moja na nusu, upana wa inchi nne kwa mbili, matambara, kamba yako, na mtu wa kukushikia. Laza fremu ubavuni juu ya godoro la zamani. Pitisha ubao ndani ya pembetatu ya nyuma, ncha yake ikae upande wa ndani wa mguu unaotaka kuusukuma nje, karibu na mdomo lakini si kwenye mdomo wenyewe. Ubao uegemee bomba la kiti upande uleule wa mguu huo, juu ya tambara nene, kisha ncha ndefu ikatize ndani ya pembetatu kubwa ya mbele itokee upande wa pili. Ukivuta ncha ndefu, mguu unasogea nje.

Vuta taratibu, achia, pima. Mara ya kwanza hakuna kitakachobadilika. Vuta zaidi, achia, pima. Bado. Chuma kinakuchezea: kinakwenda milimita kumi na kurudi zote kumi. Kisha kuna mvuto mmoja ambao kalipa inasoma nusu milimita. Kuanzia hapo nenda kwa nusunusu. Mimi nilivuta kushoto mara kumi na moja, nikapata milimita 3.5, kulia mara saba, 0.5. Haikuwa bahati mbaya: ile tofauti ya kamba ya Hatua ya 1 niliitumia kuirudisha fremu katikati. Kamba ikasoma sawa pande zote mbili, kalipa 130.

Usifanye kazi hii kwa fimbo ya hesi na nati mbili zinazosukuma midomo kwa pamoja. Inaonekana ya kistaarabu, lakini mguu dhaifu ndio utakaosogea wote, na wa kulia mara nyingi ndio dhaifu kwa sababu umebonyezwa kupisha mnyororo. Na unapovuta kwa ubao, mwenzako abane kwa kiganja lile daraja dogo linalounganisha miguu nyuma ya kranki; ndilo linaloumia kwanza.

Midomo sasa itakuwa imeangalia nje kidogo. Chukua boliti mbili za milimita 10, ifunge kila moja kwenye mdomo wake kwa nati na wasa pana, ncha zikielekeana katikati. Zikitazamana uso kwa uso, umemaliza. Zikipishana, shika mdomo kwa spana kubwa ya mdomo bapa na uurudishe kidogokidogo.

Bado kuna sikio la direla. Sikio hilo lina hesi ya milimita 10 kwa 1, sawa na ekseli nyingi za nyuma. Tafuta gurudumu la nyuma lenye ekseli ya namna hiyo, ufunge ncha yake kwenye sikio badala ya direla. Sasa una magurudumu mawili ubavuni: moja kwenye fremu, moja limeninginia kwenye sikio. Pima nafasi kati ya rimu na rimu juu, chini, mbele, nyuma. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita tatu au nne, pinda sikio kwa kulivuta lile gurudumu la nje. Ni kifaa cha bure, na gia zako zitakushukuru.

Hatua ya 5: Bomba la kranki, mahali nilipojichoma

Kuna aina tatu za hesi utakazokutana nazo sana. Ya Kiingereza ina kipenyo cha inchi 1.370 na hesi 24 kwa inchi, bomba upana 68, na kikombe cha kulia (kipande kinachoshika beringi) kinakazwa kinyume cha saa. Ya Kiitaliano ni milimita 36, hesi 24, bomba 70, pande zote zinakazwa kwa saa. Ya Kifaransa ni milimita 35, hesi ya milimita 1, bomba 68, nayo pande zote kwa saa.

Sasa geuza ile inchi 1.370: ni milimita 34.8. Mfaransa ni 35. Tofauti ni sehemu mbili za kumi za milimita, na hatua ya hesi ni 1.06 dhidi ya 1.00. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na Peugeot, nikaona bomba 68, nikasema moyoni Kiingereza hicho. Nikaanzia upande wa kushoto, ambao kwa bahati mbaya unakazwa kwa saa kwa wote wawili. Kikombe kikaingia mzunguko wa kwanza kwa vidole. Wa pili kwa vidole. Wa tatu kikawa kizito, nami nikafikiri ni rangi imeziba hesi, nikachukua spana. Nilipokitoa kilitoka na nyuzinyuzi za chuma zinazong'aa kama nywele. Fremu ile niliiokoa baadaye kwa beringi ya aina isiyotumia hesi, inayojitanua na kubana ndani ya bomba, lakini kovu limebaki.

Kwa hiyo: soma maandishi kwenye uso wa kikombe cha zamani kabla hujakitupa. Mara nyingi kimegongwa 1.370 x 24, 36 x 24 au 35 x 1. Kama hakuna maandishi, angalia kikombe cha kulia kinafunguka upande gani. Kikifunguka kwa saa, ni cha Kiingereza, au cha Kiswisi, ambacho ni nadra. Kikifunguka kinyume cha saa, ni Mwitaliano au Mfaransa, na upana wa bomba utakuamulia. Kikombe chochote kizuri kinaingia mizunguko minne au mitano kwa vidole peke yake baada ya kusafisha hesi na kupaka grisi. Kisipoingia, simama.

Raleigh wana kisa chao. Zile baiskeli nyeusi nzito tulizokulia nazo, za mzee mwenye kanzu na kikapu cha samaki, nyingi zina hesi 26 kwa inchi na bomba pana zaidi, kipimo cha Raleigh peke yao. Fremu zao nyepesi za 531 kwa kawaida zinatumia 24 kama Waingereza wengine. Hata hivyo, pima.

Nini cha kufunga? Ushauri wangu ni beringi iliyofungwa yenye mhimili wa pembe nne na kranki ya kawaida ya aluminiamu. Vikombe vya kisasa vinavyokaa nje ya bomba vinafungika pia kwenye fremu za Kiingereza na Kiitaliano, lakini vinadai nyuso mbili za bomba ziwe sambamba kabisa, na mafundi wenye mashine ya kuzisawazisha ni wachache. Urefu wa mhimili ufuate kranki uliyonunua, si ule uliotoka. Lengo ni katikati ya sproketi mbili za mbele kuwa milimita 43.5 kutoka katikati ya fremu. Boliti za kranki zikazwe Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 35 hadi 50, mhimili ukiwa mkavu na safi.

Hatua ya 6: Magurudumu na breki ni ndoa moja

Friwili ya zamani inafungwa kwa hesi juu ya habu, hivyo beringi ya kulia inabaki ndani sana na kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila msaada. Ndiyo maana ekseli hizo zinapinda. Habu ya kaseti, ambayo Shimano waliitangaza mwaka 1978, imeisogeza beringi hadi karibu na mdomo wa fremu. Kwa barabara zetu, badiliko hili moja nalihesabu kuwa la thamani kuliko levo mpya.

Baiskeli nyingi za Kiingereza za wakati ule zilivaa gurudumu la inchi 27. Tairi lake linakaa kwenye kipenyo cha milimita 630. La 700C, kipimo cha kawaida cha leo, linakaa kwenye 622. Majina yanadanganya, 27 ndiyo kubwa. Ukihamia 700C rimu inashuka milimita 4 kutoka kwenye breki. Unapata nafasi ya tairi pana, 28 au hata 32, lakini breki lazima ifike chini zaidi.

Hapo ndipo kipimo chako cha saba kinapofanya kazi. Chukua kilichosomeka kwa rimu ya zamani, ongeza 4 kama unahama kutoka 27. Breki za kawaida za mbio za leo zinafikia kati ya 39 na 49. Za kati zinafikia 47 hadi 57. Yangu ilisoma 49 mbele na 51 nyuma, ikawa 53 na 55, kwa hiyo za kati. Ukipita 57 kuna za mkono mrefu zaidi, zinazofika 73 hivi. Zinashika, ila zinalegea kidogo ukizilinganisha.

Breki ya zamani inafungwa kwa nati ya kawaida nyuma ya foku. Ya kisasa ina boliti fupi na nati ndefu inayozama tunduni, inayokazwa kwa alenki ya milimita 5. Nunua breki mbili za mbele, si seti. Boliti ya mbele ni ndefu, inatosha kupita kwenye daraja la nyuma la fremu na kufungwa kwa nati ya kawaida ya milimita 6 bila kutoboa chochote. Kwa foku, panua tundu la upande wa nyuma tu kwa keekee ya milimita 8. La mbele libaki 6. Kaza Nm 8 hadi 10.

Gurudumu la mbele la kisasa lina ekseli ya milimita 9, na midomo ya foku za zamani za Kiingereza wakati mwingine ina mwanya wa 8. Tumia tupa bapa, mipapaso michache kila upande, ukichukua chuma upande wa mbele na nyuma ya mwanya kwa usawa. Usiguse sehemu ya juu ya mwanya, pale ekseli inapokaa, la sivyo gurudumu litakaa upande.

Hatua ya 7: Usukani, kiti na waya

Stemu (kishikio cha usukani) ya zamani ni ile inayozama ndani ya foku na kubanwa kwa kabari. Ikiwa imeganda, legeza boliti ya juu mizunguko mitatu, kisha igonge kichwani kwa nyundo ya mpira; kabari inaangukia ndani na stemu inalegea. Ukiifungua boliti yote na kuanza kuzungusha usukani kwa hasira, utapinda foku.

Kuna adapta inayoingia kwenye bomba la 22.2 na kukupa kichwa cha 28.6 ili ufunge stemu za leo na usukani wa 31.8. Inafanya kazi. Kwa macho yangu inaonekana kama kofia ya pikipiki juu ya suti. Nimebaki na stemu yangu ya zamani na usukani wake, kwa sababu sehemu levo zinapobana haijabadilika, ni karibu milimita 24 zamani na sasa, na levo mpya zilikaa bila malalamiko.

Nguzo ya kiti: fremu za 531 za daraja la juu na za mabomba ya Kiitaliano ya Columbus SL kwa kawaida ni 27.2, nyingine zinashuka kwa hatua za sehemu mbili za kumi: 26.8, 26.6, 26.4. Usiilazimishe iliyo kubwa na usivalishe bati la soda iliyo ndogo. Paka grisi.

Waya za gia zinahitaji mahali pa kusimamia. Pale levo za zamani zilipokaa, kwenye vile vinundu viwili vya bomba la chini, funga visimamisho vya waya vilivyotengenezwa kwa vinundu hivyohivyo, vyenye skrubu ya kurekebishia. Fremu isiyo na vinundu inavaa bangili yenye visimamisho. Njia ya waya chini au juu ya bomba la kranki iache kama ilivyo.

Na tafadhali, ala (mrija wa nje wa waya) ya gia isitumike kwenye breki. Nyuzi zake za chuma zimelala kwa urefu, na breki ikivutwa kwa nguvu zinapasuka zikatoka ubavuni. Ala ya breki imezungushwa kama springi. Kata zote mbili kwa mkasi wa waya, kisha sawazisha ncha kwa tupa na ufungue tundu la ndani kwa msumari.

Hatua ya 8: Mnyororo na marekebisho

Kaza kaseti kwa Nm 40. Utasikia inatoa mlio wa kukatika-katika, ni kawaida. Zungusha mnyororo juu ya sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye direla, tafuta mahali unapokutana, ongeza inchi moja, kata hapo.

Skrubu za mipaka za direla kwanza, waya baadaye. Waya ukiwa haujafungwa, direla ikae chini ya sproketi ndogo kabisa, imenyooka nayo. Isukume kwa mkono hadi sproketi kubwa huku ukizungusha pedali, uweke mpaka wa pili ili mnyororo usiweze kuruka kwenye spoku hata ukitaka. Ndipo ufunge waya, bonyeza gia moja, na mnyororo upande sproketi ya pili. Ukisita kupanda, fungua pipa la waya (skrubu ya kurekebishia) nje robo mzunguko. Ukisita kushuka, rudisha ndani.

Safari ya kwanza isiwe ndefu na isiwe peke yako. Beba alenki za 4, 5, 6 na 8. Shuka kilima kimoja ukishika breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, na usikilize kama vikombe vya usukani vinagonga. Baada ya kilomita 50 kaza tena boliti za kranki, maana kwenye mhimili wa pembe nne hulegea mara ya kwanza, na kranki iliyolegea ikiendeshwa inaharibika siku hiyohiyo. Waya mpya zitakuwa zimejivuta na gia zitaanza kusitasita kupanda. Usirudi kwenye skrubu za mipaka. Ni pipa tu, nje, nusu mzunguko.